Kofia ya Mwisho ya Mzee Kibwana

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya sungura kuongea na fisi, nasema zamani ya juzi, ambayo mabango yake bado yamebandikwa ukutani yanapauka, palikuwa na kundi la watu wanaoteleza juu ya barafu. Tulieni. Hadithi hii niliwahi kumsimulia wakili mmoja, mtu wa tai na miwani. Nilipomwachia swali la mwisho alinyanyuka akaondoka, na koti lake akalisahau kwenye kiti. Mimi darasa la sita lilinitosha. Basi ninyi mliosoma, kaeni vizuri tuone.

Kundi lile lilizunguka mji hadi mji. Lilibeba mabomba na mashine kwenye malori. Likifika, linatandaza mabomba ukumbini, linamwaga maji, mashine inanguruma, na asubuhi maji yameshakuwa sakafu nyeupe ya barafu. Hata Tanga, kwenye joto lile la kuyeyusha mche wa sabuni bafuni. Wachezaji wanavaa viatu vyenye makali chini kama visu, wanateleza, wanazunguka, wanaruka.

Walikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza: kilichomo kwenye bango lazima kionekane barafuni. Ya pili: ukiwa barafuni, uso hauumwi. Ya tatu: anayenyanyua ndiye anayeamua, anayenyanyuliwa habishi. Zishikeni hizo. Sirudii, maana nawajua, nikirudia mtasema nimesahau.

Na kwenye bango palikuwa na nini? Palikuwa na bibi harusi. Shela jeupe refu, amenyanyuliwa juu kabisa na bwana harusi kwa mkono mmoja, mikono ameikunjua kama ndege aliyesahau kutua. Kulikuwa pia na dubu anayecheza ngoma, lakini nani aache kazi zake aende kumwona dubu wa kitambaa? Watu walikuja kumwona bibi harusi akipaa.

Bibi harusi alikuwa Raziya. Bwana harusi alikuwa Heriel, kijana wa Upareni mwenye mabega kama mlango wa ghala. Hawakuwa wachumba, msianze. Walikuwa wenza wa kazi, na walizoeana mpaka mmoja akipiga chafya barafuni mwingine anajua ameingia na mguu upi.

Sasa, mjini Tanga alikuwepo Mzee Kibwana, mshona kofia. Zile kofia nyeupe za mkono, za vitundu vidogovidogo, ambazo ukizivaa unajiona umeoga mara mbili. Macho yake yalikuwa yanakwisha, na daktari alimwambia hayatarudi. Alibakiwa na weupe, weusi na vivuli vinavyotembea. Siku moja alimaliza kofia aliyokuwa nayo mkononi, akakata uzi, akamwambia mkewe, Bi Zeyana:

“Zeyana, hii ndiyo ya mwisho.”

“Umemshonea nani?”

“Sijui bado. Nataka nikamwone yule bibi harusi wa kwenye bango. Barafu nyeupe, shela jeupe. Weupe bado nauona. Nikimwona mtu akipaa, macho yaende zake, sitayadai.”

“Umeanza kupenda maharusi uzeeni.”

“Nilianza na wewe, hukulalamika.”

Bi Zeyana akacheka, akageuka upande ili afute macho. Akaenda kukata tiketi.

Asubuhi ya onyesho, Raziya alishuka kwenye lori vibaya, kifundo cha mguu wa kushoto kikageuka. Hakumwambia mtu. Alifunga bendeji, akaikaza, akaikaza tena, akaushindilia mguu kwenye kiatu, akafunga kamba. Alasiri ikafika, ukumbi ukajaa, taa zikawaka.

Raziya akaingia, akatabasamu. Akazunguka, akatabasamu. Akaruka, akatua, na hapo mimi na wewe tungelia tukiwaita mama zetu, yeye akatabasamu.

Lakini Heriel alikuwa amemshika mkono. Kila walipokata kona kushoto, vidole vya Raziya vilimbana kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mara ya kwanza akadhani ni jasho. Mara ya pili akamtazama. Mara ya tatu akanong’ona, meno nje kama anachekea watu:

“Razi, mguu una nini?”

“Uko kwenye kiatu. Tabasamu, kaka.”

“Ukishuka utatua na huohuo.”

“Watu wamekuja kwa ajili ya bango. Ninyanyue.”

“Razi.”

“Ninyanyue, Heri.”

Muziki ukafika mahali pake. Ngoma zikanyamaza. Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Heriel akapiga goti. Alishika pindo la shela, Raziya akamzunguka polepole, akiteleza kwa mguu mzima na kuburuza ule mbovu, shela likawazingira wote wawili. Hakumnyanyua.

Halafu kijana mmoja safu ya tatu, Mcharo, mkaanga mihogo, mtu mwenye sauti ya kuita wateja ng’ambo ya barabara, akasimama.

“Mnyanyue, bwana. Au bibi harusi kala pilau lote la shughuli?”

Watu wakaangua kicheko, na baada ya kicheko ikaja miluzi. “Bango limetudanganya.” “Mabega hayo ni ya kukodi.” Heriel akabaki kwenye goti lake. Raziya akazunguka, akatabasamu, akazunguka.

Na nyuma ya Mcharo, nani amekaa? Mzee Kibwana, kofia mapajani, ameshika kiganja cha mkewe.

“Zeyana, mbona wanazomea? Ameanguka?”

Bi Zeyana akatazama barafuni. Bwana harusi chini. Bibi harusi chini. Akamtazama mumewe.

“Vijana wa siku hizi ndivyo wanavyoshangilia,” akasema. “Tulia. Anamshika kiunoni. Haya, ananyanyuka. Miguu imeshaacha barafu.”

“Kweli?”

“Amefika mabegani. Amepita mabega. Mkono mmoja, mume wangu, kama anavyobeba sinia. Shela limefura kama maziwa yanayotaka kumwagika sufuriani. Sasa anakunjua mikono. Yuko juu ya taa. Anatazama huku kwetu.”

“Ananiona?”

“Anakuona wewe. Wengine wote amewaacha.”

Mcharo alisikia. Akageuka na tusi jipya limeshaiva mdomoni, akamkuta mzee ameinua uso kuelekea dari, mahali ambapo hapakuwa na mtu, anacheka bila sauti. Tusi likarudi lilikotoka. Mcharo akatazama dari. Akaanza kupiga makofi.

“Unampigia nani?” jirani yake akauliza.

“Piga, bwana.”

“Kwa lipi?”

“We piga, tutaelezana nje.”

Safu ya tatu ikapiga. Ya nne ikapiga. Ukumbi wote ukapiga makofi, nusu yao hawajui kwa nini, na wote nyuso juu. Kule barafuni Raziya na Heriel nao wakatazama juu, wasione kitu ila mapangaboi.

Onyesho likaisha. Mzee Kibwana akaomba apelekwe nyuma ya pazia, Bi Zeyana akamwongoza. Wakamkuta Raziya amekaa kwenye sanduku, kiatu kimevuliwa, mguu umevimba kama boga changa, na Heriel anaukanda kwa barafu. Barafu hapo haikuwa tatizo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu. Kofia hii ni ya yule aliyenionyesha bibi harusi akipaa.”

Bi Zeyana akamkonyeza Heriel. Akakohoa. Akamkonyeza tena. Lakini Heriel ni wale watu ambao ukiwakonyeza wanakuuliza kama vumbi limekuingia.

“Babu, samahani. Sikumnyanyua.”

“Huyu kijana mdomo wake hauna bawaba,” akasema Bi Zeyana.

Mzee Kibwana akacheka. “Najua. Macho ndiyo yanayokwisha, masikio yapo. Viatu vya bibi harusi nilivisikia vikikwaruza mpaka mwisho. Aliyepaa hakwaruzi.”

“Sasa kwa nini ulikuwa unatazama juu muda wote?” akauliza Bi Zeyana.

“Kwa sababu ulikuwa unanionyesha vizuri.” “Na nilimwona, Zeyana. Usiniulize vipi.”

Mzee akapapasa vitundu vya kofia kwa kidole gumba.

“Kofia ni moja. Haya, semeni.”

Raziya akasema: “Babu, ule weupe uliouona ulikuwa mimi. Nimeteleza na mguu huu, na uso wangu sikuuacha useme. Nilikuwa tayari kupaa. Bila mimi, bibi angesimulia nini?”

Heriel akasema: “Ulinificha mguu, Razi. Mimi ndiye ninayekushika, ukanificha. Bango ni karatasi, litabandikwa jingine. Nimekubali mji mzima unizomee ili kesho uweze kutembea.”

“Nani alikuomba?”

“Hakuna. Ndiyo maana naona nastahili.”

Bi Zeyana akasema: “Ninyi mlikuwa na barafu, taa na muziki, na hakupaa mtu. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Nimempaisha.”

“Kwa uongo, bibi,” akasema Raziya, kwa upole.

“Mwanangu, na hilo shela ni la ndoa ya nani?”

Raziya akainama akacheka, na ndiyo mara ya kwanza siku ile uso wake kufanya unachotaka wenyewe.

Pazia likasogea. Kichwa cha Mcharo kikaingia, mwili ukabaki nje kwa usalama.

“Na mimi je? Makofi niliyaanza mimi. Zile kelele zingeendelea, mzee angesikia nini hapo?”

“Si wewe uliyezomea?” akauliza Heriel.

“Kuzomea nilianza mimi, na makofi nilianza mimi. Mnataka mtu afanye kazi ngapi?”

Wakacheka wote, hata Heriel. Halafu kicheko kikaisha, na kila mmoja akamtazama mzee.

Mzee Kibwana akainua ile kofia nyeupe, akaishika mbele yake, katikati yao, kwenye mwanga.

“Mtoe jibu upesi,” akasema. “Nataka niione inavyokaa kichwani kwa mtu, kabla hawajazima taa.”

Mimi nawaachia hapo, mkono wa mzee uko juu na taa bado zinawaka. Yule wakili alikimbia akaacha koti. Wewe uliyetikisa kichwa tangu mwanzo kama vile hadithi ni yako, hebu nyoosha kidole tuone: Raziya, Heriel, Bi Zeyana, au yule mkaanga mihogo, je, kofia ile nani aliistahili?