Kipande cha Kwanza cha Nungunungu

Paukwa sindano!
—Pakawa uzi!
Paukwa baridi!
—Pakawa sweta!

Sogeeni basi, na wewe hapo acha kuchokoachokoa moto.

Hapo zamani za kale, huko milimani ambako ukungu hukaa mpaka mchana, aliishi Nungunungu, fundi wa kufuma. Sindano hakununua. Alichomoa miiba miwili mgongoni mwake, kazi ikaanza. Ufundi aliachiwa na mama yake, Mungu amrehemu.

Lo, mama yule! Hakuanza na sweta hata siku moja. Alifuma kwanza kipande kidogo kama kiganja, akakilaza mgongoni kwa mteja, akahesabu vitanzi huku akiimba:

"Kidogo kwanza, mwanangu,
kikubwa kitakuja chenyewe."

Nungunungu mdogo alilala mapajani mwa mama, ananusa sufu, anasikia wimbo mpaka usingizi unamchukua. Wimbo aliukumbuka. Kile kipande hakukijali, aliona ni kupoteza uzi tu.

Siku moja akaja Mama Pimbi, kambeba mwanawe Sikitu, mwenye manyoya haba.

"Dada Nungunungu, baridi ya mwaka jana ilimchukua kaka yake. Huyu nifumie sweta kabla umande haujaganda. Sufu ni hii tu, Kondoo hana nyingine mpaka mwakani."

"Ondoa shaka, dada. Mama alimfumia mtoto wa pimbi kwa vitanzi sitini. Nami ni sitini."

Akafuma, akafuma, akafuma. Sikitu akavalishwa, akapotea.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Niko huku kwenye mkono, mama!"

Nungunungu akafumua. Akaanza upya na sitini vilevile, safari hii akiuvuta uzi kwa nguvu zote. Akafuma, akafuma, akafuma. Sweta likatoka gumu kama kikapu, likakwama masikioni. Walipolivua, Sikitu analia, na uzi umeanza kukatika.

Wakati huo umande ulishaanza kuganda, na Sikitu anakohoa. Mama Pimbi hakugomba. Alisema taratibu, "Uzi umechoka, dada. Hii ndiyo mara ya mwisho." Afadhali angegomba.

Nungunungu akaingia ndani, akajifunika blanketi la mama yake, akalia. Alimlilia mama siku ile kuliko siku ya mazishi. "Mama, mbona nimefanya kama wewe na bado imeharibika?"

Alipojifuta machozi kwa blanketi, akalitazama. Lilikuwa la viraka vidogo vilivyoshonwa pamoja. Miaka yote alidhani ni mabaki ya uzi. Akahesabu vitanzi vya kiraka cha kwanza: ishirini. Cha pili: ishirini. Cha tatu: ishirini. Lakini kimoja kilienea kiganja, kingine kilizidi, kingine hakikufika!

Maana mwiba wa nungunungu hudondoka ukaota mwingine, na huo mpya huwa mwembamba au mnene upendavyo. Mama hakuwahi kuiamini miiba yake. Kila kiraka kilikuwa kipimo cha mtu fulani, na kila mmoja wao alivaa sweta lililomkaa.

Nungunungu akaitazama miiba yake. Minene! Na mwiba mnene hutoa kitanzi kikubwa. Akatoka mbio.

Akalifumua lile sweta gumu, akafuma kipande, akakilaza mgongoni kwa Sikitu, akahesabu, na ule wimbo ukamtoka wenyewe. Vitanzi arobaini vilitosha. Akafuma, akafuma, akafuma. Sweta likamkaa Sikitu shingoni, mikononi na kiunoni, na uzi ukabaki.

Baridi ikashuka, nyasi zikawa nyeupe. Asubuhi pimbi walipotoka kuota jua mwambani, Sikitu alikuwa wa kwanza kufika.

Kile kipande Nungunungu hakukifumua. Alikishona kwenye ukingo wa blanketi, kando ya kiraka cha mwisho cha mama yake. Usiku akajifunika, akahisi kama wamelala wawili.

Basi mnaofuma, pimeni kidogo kwanza. Hesabu ya mama ni ya mkono wa mama, wako una hesabu yake.

Nami nilikuwepo, nikaomba sweta. Nikaambiwa, "Kaa upimwe." Nikasema nina haraka. Ndiyo maana mnaniona nimeukumbatia moto kuliko nyie wote.

Uzi wangu umeishia hapa, nafunga fundo. Mwenye sindano na aendelee.