Sokwe Alivyopuliza Moto kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kila mnyama alikuwa na jiko lake na ugomvi wake, paliishi Sokwe mpenda misuli.

Kutwa alinyanyua mawe. Heh! Heh! Heh! Kifua kikawa mlango, shingo ikapotea mabegani. Na miguu? Miguu alibaki na ile ile aliyozaliwa nayo. Kujinyoosha hataki, eti hiyo ni kazi ya paka.

Siku moja, mawingu ya masika yametanda, akafika pangoni kwa Bi Pimbi, mdogo wa umbo, mama wa watoto watatu.

"Hama! Nataka pa kuweka mawe yangu yasilowe."

"Mawe yasilowe? Na wanangu je?"

"Si wana manyoya?"

Hasira zilimpanda Bi Pimbi. Lakini macho alikuwa nayo. Siku nyingi alimwona Sokwe akiangusha ndizi na kuiacha ioze, maana kuinama hawezi.

"Haya, Bwana Sokwe. Mila unaijua. Anayehamia nyumba huchuchumaa mafigani, akapuliza moto mpaka uwake, akainuka bila kushikwa mkono, majirani wanaona. Akishindwa, nyumba imemkataa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na kigoda cha kukalia kipo, tunawapa wazee na wagonjwa wa mgongo. Nikuletee?"

"Mimi? Kampe bibi yako!"

Majirani wakajaa, mzee Kobe mbele yao. Sokwe akaanza kushuka. Ka! likalia goti. Kakaka! likajibu la pili. Visigino vikanyanyuka, akayumba, puu! Matako majivuni.

"Nimeteleza!"

"Pole, Bwana. Sakafu yetu kavu, lakini pole."

Mara ya pili akafika chini. Akapuliza, fuuu! Moto ukawaka. Bi Pimbi akawakumbatia wanawe, roho mkononi.

"Sasa inuka," akasema mzee Kobe.

Sokwe akajikaza. Kifua kikatuna, mikono ikatuna, miguu ikatetemeka tu. Moto ukadaka nywele za kifua, chwaaa!

"Nishikeni mkono jamani! Naungua!"

Ilibidi majirani sita wamvute.

"Nyumba imekukataa," akasema Kobe. "Nenda na mawe yako."

"Nitarudi!"

"Karibu," akajibu Bi Pimbi. "Magoti nayo uje nayo."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sokwe akaondoka bila kugeuka nyuma. Angegeukaje, na shingo hana?

Mvua ikaanza kunyesha. Bi Pimbi akawaingiza wanawe ndani, akatoa kigoda nyuma ya mtungi, akakikalia taratibu, "Aaah!", akakoroga uji. Maana hata yeye, wanangu, tangu mwaka juzi kuchuchumaa hawezi.

Hadithi yangu imeiva, ipueni: ajuaye goti lake linapogoma hutafuta kigoda, asiyejua huungua kifua.