Sanduku la Balbu za Mjomba

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Umeshakaa chini ya balbu inayochoma utosi kuliko inavyomulika, ukageuza uso, ukasema, "Ilimradi inawaka." Wahenga walionya kwamba rahisi huvunja upishi: anayekimbilia cha bei ya chini hukiharibu chungu kizima. Ulisikia, ukapita.

Sindano, jina alilopewa na wenzake kwa wembamba na ukali wake, alishona katika karakana ya mjomba wake, chumba cha chini ya jengo kisicho na dirisha hata moja. Darini zilining'inia balbu nane za kizamani, wati mia kila moja, zenye mwanga wa njano kama chai iliyolala. Mjomba alilipata sanduku zima kwa bei ya kutupa duka moja lilipofungwa, akazipenda balbu zile kama wanawe wa kuzaa.

Nazo zilikula umeme kama mchwa na mbao. Pasi kubwa ikiwashwa pamoja nazo, swichi kuu ilikatika. Ndipo ukazuka utaratibu: mpiga pasi akipaza sauti, "Pasi!", balbu sita zilizimwa, na washonaji wakaendelea kwa kupapasa. Miaka kumi na mmoja! Wageni walidhani ni mchezo.

"Mjomba," Sindano alisema kwa mara ya nne, na zile tatu za kwanza alizikumbuka hadi tarehe zake, "taa ya LED ya wati kumi na mbili inamulika sawa na balbu yako. Zote nane hazili umeme wa balbu moja. Pasi itawaka, na sisi tutaona."

"Wewe ni mpwa wangu au fundi umeme? Sanduku halijaisha, nitupe mali? Likiisha tutaongea."

"Likiisha tutakuwa vipofu."

"Mdomo huo ni wa mama yako mtupu!"

Karakana ikaangua kicheko. Sindano hakucheka.

Ikaja kazi ya zahanati: sare mia moja za wauguzi, za buluu iliyokoza. Zikikubaliwa, karakana ingeshona mwaka mzima. Zikikataliwa, nusu ya washonaji wangerudi nyumbani. Kila mtu alilijua hilo. Wiki nzima wakashona, wiki nzima "Pasi!" ikalia, na mikono ikaokota nyuzi gizani.

Siku ya kukabidhi, muuguzi mkuu alizitoa sare nje, juani. Akageuza ya kwanza. Akageuza ya pili.

"Mnanitania?"

Mfuko mmoja ulishonwa kwa uzi wa buluu, wa pili kwa uzi mweusi. Kola hivyo hivyo. Kule ndani, chini ya ile njano, rangi hizo mbili zilikuwa pacha.

"Nani kashona hii?" Mjomba akafoka.

"Balbu zako," Sindano akajibu. "Zihoji."

Muuguzi mkuu akazikataa zote. Wiki haikuisha kabla cherehani nne kati ya nane hazijafunikwa vitambaa, na washonaji wake wanne wakaondoka na mikasi yao mifukoni.

Ndipo Mjomba akafunga taa nane za LED. Mpiga pasi, kwa mazoea, akaita, "Pasi!" Hakuna aliyenyanyuka. Pasi ikawaka, taa zikawaka, swichi kuu ikatulia tuli. Kulikuwa kweupe pee, hadi vumbi la viti vinne vitupu lilionekana.

"Pamependeza, eti mwanangu?" Mjomba akauliza kwa sauti ya chini.

"Pamependeza, Mjomba. Wako wapi wa kupaona?"



Sasa wewe. Inua macho uitazame balbu iliyo juu ya kichwa chako, na ya darasa la mwanao, na ya mahali unapoajiri watu. Usingoje sanduku liishe. Ibadilishe leo, kabla viti havijabaki vitupu, maana utakuja kuungama kwa kinywa chako mwenyewe kwamba rahisi huvunja upishi.