Kitendawili Kilichomkalisha Kajiru

Sogeeni huku, na huyo anayepiga teke mlango aache. Mvua haiwezi kukatika kwa sababu Elihaki amechoka kukaa ndani. Njia imeporomoka, shule haifikiki, na mama zenu wameniachia mimi kikongwe kundi zima hili. Tangu asubuhi ni "Bibi, tutoke! Bibi, tutoke!" mpaka masikio yananiuma. Haya, nitawaambia habari za watoto waliofungiwa kweli kweli. Ninyi mnacheza tu.

Nikisema "Kulikuwa," mseme "Tusikie." Kulikuwa! Mh, Nansia hakuitikia, nimemwona. Kulikuwa! Ehee, sasa mmeamka.

Kulikuwa na zamani moja, si ya jana wala ya juzi, zamani ya bibi yake bibi yangu, milima hii ya Upare ikiwa na miti mpaka kileleni, na chui akipita uani mchana kweupe bila kuona haya. Zamani hiyo ukaja ugonjwa wa ndui. Ninyi hamuujui, na mshukuru Mungu. Mtu alishikwa na homa, kisha malengelenge yakamjaa mwili mzima, usoni, kichwani, hata ndani ya mdomo. Wengi walikufa, na watoto wadogo ndio walikufa zaidi.

Basi watu wa hapa walikuwa na desturi yao. Mwenye ndui alijengewa kibanda kule migombani, na aliyempelekea chakula ni mtu aliyekwisha kuugua akapona, maana ndui haimrudii mtu. Na nyumba aliyotoka ilifungwa kamba ya majani ya isale mlangoni, ile isale tunayopanda mipakani. Ukiiona mlangoni, huingii. Na wa ndani hatoki, mpaka mgonjwa apone au azikwe.

Sasa, mke wa mhunzi, jina lake Nakijwa, akashikwa na ndui. Mumewe alikuwa ameshuka tambarare kuuza majembe, habari hana. Watoto wao walikuwa wawili. Mkubwa ni Namkunda, msichana mwenye akili zake. Mdogo ni Kajiru, ambaye meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kumtoka, na huyo Kajiru alikuwa Elihaki mtupu. Usicheke, Elihaki. Hakai! Ukimtazama kushoto, yuko kulia. Ukimtazama kulia, yuko darini.

Aliyebaki nao ndani ni shangazi yao, Nambua. Mwanamke mkali, sauti kubwa, hakuwahi kuzaa, na watoto wa watu aliwatazama kama mbuzi walioingia shambani kwake. Nakijwa alipoondoka kwenda kibandani alisimama mbali na mlango. Hakuwagusa watoto wake, jamani. Alisema tu na wifi yake.

"Wifi, usimwachie Kajiru anifuate."

"Simwachii."

"Hata akilia. Hata ukinisikia mimi nalia."

"Nimekwambia simwachii."

"Wale jirani walimwonea mtoto huruma, wakamfungulia."

"Najua. Nimeona nyumba yao nzima ikizikwa. Nenda, wifi, nenda kabla sijalia mimi."

Akaenda. Kamba ikafungwa. Ndani wakabaki watatu na moshi wao.

Hee! Kufungiwa na mtoto si mchezo. Siku ya kwanza Nambua akawapa mahindi wapukuchue. Kajiru akaingiza punje puani, ikawa kazi ya kuitoa. Siku ya pili akawatengenezea mpira wa majani ya mgomba. Mpira ukapiga kibuyu, maziwa yote chini. Siku ya tatu akawasimulia habari za fisi mla watoto. Kajiru akapiga yowe, "Fisi atamla mama!" na yowe hilo halikukoma mpaka jioni. Na kila mara macho yake yako pale mlangoni. Anatazama kamba. Anapima nafasi iliyo chini yake.

Nambua akaona mambo yamemfika shingoni. Akafoka kwa ile sauti yake kubwa: "Haya basi, kitendawili!"

Watoto hawakuwahi kujibu. Aliyejibu alikuwa mbali, kule migombani: "Tegaaa!"

Ni nani? Semeni. Ndiye! Mama yao, kutoka kibandani!

Kajiru akaruka, akapiga teke kuni zinazowaka, nusura aitie nyumba moto. Nambua, mjanja yule, akaona hapohapo pa kumshikia. Akasema, "Sikiliza sheria ya mchezo. Ukisema Tega, makalio chini. Huinuki mpaka kitendawili kifumbuliwe. Anayeinuka, mama hatacheza naye tena." Kajiru akasema amesikia, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Na tangu hapo ikawa kila siku ni hivyo. Kajiru anakaa juu ya kigoda, anapasua koo: "Kitendawili!"

"Tegaaa!"

"Kina miguu mitatu, hakiendi popote!"

"Ni mbuzi aliyevunjika mguu!"

"Siyo!"

"Ni babu na mkongojo wake!"

"Siyo, mama, babu anakwenda!"

"Basi umenishinda, mwanangu."

"Nipe mji!"

"Nakupa Pangani!"

"Nimekwenda Pangani, nimekula samaki wao wote, nimerudi. Ni kigoda!"

Kisha zamu ya mama. "Kitendawili!" "Tega!" na makalio pu! chini. Mama anashindwa Pangani, mama anashindwa Gonja, mama anashindwa Unguja nzima na karafuu zake. Hata sultani hakuwa na miji kama Kajiru. Na Nambua anasikiliza, anasikia ile "Tegaaa" inavyozidi kuwa fupi. Jana ilikuwa ndefu. Leo ni "Tega" tu. 

Ikafika asubuhi moja. Kajiru akaita, "Kitendawili!"

Kimya.

"Kitendawili!"

Kimya, wajukuu zangu. Ndege tu.

"Shangazi, mama hajibu."

"Anafikiri."

"Anafikiri nini na mimi sijatega?"

Nambua akaenda kuchungulia mlangoni. Akapita Bibi Nakiete akitoka kibandani, mzee mwenye makovu ya ndui aliyekuwa akimpelekea mgonjwa uji. Kibuyu kimejaa vilevile. Nambua akamuuliza kwa macho, na yule mzee akatikisa kichwa. Namkunda aliona. Akaanza kulia bila sauti, na shangazi akamfinya mkono aache, kisha akamkumbatia. Alikuwa anaogopa, mwanamke yule mkali. 

Chungu kikafurika jikoni. Nambua akageuka kukiipua. Kugeuka tu hivi, Kajiru hayupo!

Amepita chini ya kamba! Yuko uani! Anakimbia! "Mama! Mama! Mama!"

Nambua akatupa chungu, akakimbia, akajikwaa kwenye ile kamba ya isale, akaanguka kifudifudi. "Kajiru! Rudi! Kajiru, nakuomba, baba, rudi!" Aa wapi. Mtoto amefika katikati ya uwanja. Mtoto amefika kwenye mgomba wa kwanza. Kibanda hiki hapa, mlango wake ni pazia la majani, anyooshe mkono tu. Akigusa pale ndani, amekwisha. Nambua anainuka, goti linavuja damu, na anajua kabisa hatamuwahi.

Ndipo ikatoka sauti ndani ya kibanda. Nyembamba. Ya mtu aliyekusanya kila alichobakiwa nacho.

"Kitendawili."

Na Kajiru? "Tega!"

Makalio pu! Chini, palepale, penye vumbi, mbele ya mlango wa mama yake. Akakunja mikono, akangoja.

Mama hakutega. Nguvu zilikuwa zimeishia kwenye lile neno moja. Na mtoto amekaa, anangoja, hainuki, sheria ni sheria, mpaka Nambua akafika akamnyakua kiunoni.

"Niache! Mama hajatega! Shangazi, hajategaaa!"

Alimng'ata mkono. Nambua hakumwachia. Alikaa naye chini ndani ya nyumba, amemshika kwa mikono miwili, Namkunda amejibanza ubavuni, na kutwa nzima hawakusikia sauti nyingine. Nambua alijua moyoni kwamba lile ndilo lilikuwa neno la mwisho la wifi yake.

Nansia, usilie. Sijamaliza.

Kesho yake Bibi Nakiete alikuja anakimbia na uzee wake wote, kibuyu mkononi, kitupu. "Kanywa! Nambua we, kanywa uji wote!"

Homa ilikuwa imeshuka. Malengelenge yakakauka, yakabanduka. Nakijwa akaoga mtoni, kibanda kikachomwa moto, kamba ya isale ikakatwa mlangoni. Akaja uani, amekonda, uso wote mashimo mashimo, jicho moja limezimika.

Kajiru alimtazama, akajificha nyuma ya shangazi.

"Huyu si mama."

Lo! Fikirieni mwanamke yule. Hakumkaribia. Alisimama palepale, machozi yanamtoka hata kwenye jicho lisiloona, akasema, "Kitendawili."

Kajiru akachungulia. "Tega," akasema taratibu. Makalio chini.

"Nina kitu changu. Kikinikaribia, naogopa. Kikikaa mbali, nalia."

Mtoto akafikiri, akafikiri. "Sijui. Nakupa Pangani."

"Nimekwenda Pangani, sikukiona. Nipe mwingine."

"Nakupa Gonja."

"Nimekwenda Gonja, hakipo."

"Unguja yote!"

"Nimezunguka Unguja yote, hakipo."

Miji ikamwishia. Akatazama huku na huku. "Basi nakupa hapa kwetu."

"Nimekuja hapa kwetu," Nakijwa akasema, "na nimekikuta. Ni wewe."

Kitendawili kimefumbuliwa, Kajiru akainuka. Tena hakuinuka, aliruka!

Ndiyo maana katika ukoo huu mpaka leo ukisema Tega unakaa chini. Na mnishike neno hili: anayekuzuia mlangoni si lazima awe anakuonea, huenda anakuzuia ili uishi. Na mtakapokuwa wakubwa mkaachiwa watoto, kumbukeni kwamba isale haikumzuia Kajiru, aliipita chini. Kilichomshika ni mchezo aliocheza na mama yake kila siku.

Kisa changu kimetembea mpaka uani, kimekaa chini. Atakayekiinua ni yule atakayemsimulia mwenzake.

Haya. Elihaki, toka hapo mlangoni. Kitendawili!