Kwa Nini Kimchi Haitengenezwi na Mtu Mmoja

Kabla mambo hayajawa kama yalivyo leo, katika vijiji vya milimani huko Korea, kila nyumba ilitia kabichi zake chumvi peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Kabichi hizo zilichanganywa na figili, vitunguu saumu na tangawizi, zikashindiliwa kwenye mtungi uliofukiwa ardhini hadi shingoni, zikaachwa zichachuke. Hiyo ndiyo kimchi. Theluji ilipofunika mashamba, hapakuwa na mboga nyingine. Kuchungulia mtungi wa jirani ilikuwa aibu, na kuomba ilikuwa aibu kubwa zaidi.

Katika kijiji kimojawapo aliishi Okdan, mama mwenye watoto wengi na mikono isiyotulia. Ukuta mfupi wa mawe ulimtenga na Sunrye, mjane kijana aliyekuwa akimtunza mama mkwe wake. Mwaka mmoja mvua ya mawe iliangamiza shamba la Sunrye, kabichi zikiwa bado changa. Okdan alijiuliza wale wawili wangekula nini. Lakini baridi ilipoingia, kila asubuhi alisikia kifuniko cha mtungi wa jirani kikikwaruza, kikifunguliwa na kufungwa. Kumbe wanacho, akajiambia, na moyo wake ukatulia.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hakusikia kitu, na iliyofuata vilevile. Okdan akavuka ukuta, akaita, asijibiwe. Akapita penye mtungi, akainua kifuniko.

Hamkuwa na kabichi. Hamkuwa hata na harufu yake. Mtungi ulikuwa mkavu, msafi, kama siku ulipotolewa tanuruni. Okdan alisimama pale na kifuniko mkononi, akizikumbuka asubuhi zote alizousikia ule mkwaruzo huku yeye akiwapakulia wanawe.

Ndani, mama mkwe alikuwa amekwisha kufa, amefunikwa vizuri hadi kidevuni. Sunrye alilala ubavuni pake, macho wazi. Okdan alimuuliza kwa nini hakusema.

“Nilikuwa nafungua ili msikie, dada,” alijibu kwa sauti ya chini. “Mama hakutaka mjue.”

Okdan alirudi mbio kwake, akachota kimchi, akaisuuza kwa maji ya moto. Mikono ya Sunrye haikuweza kushika kitu, kwa hiyo Okdan alikunja jani moja la kabichi kwa vidole vyake mwenyewe, akamtia mdomoni, akangoja ameze.

Siku ya mazishi aliwasimulia wanakijiji kuhusu ule mtungi. Wote walioishi karibu walikuwa wamekisikia kile kifuniko, na wote walikuwa wametulia mioyo.

Mavuno yaliyofuata, Okdan hakufunga mlango. Alibeba kabichi zake hadi uani kwa Sunrye, akazimwaga chini, akaanza kuzipasua. Jirani mmoja akaja na figili, mwingine akaja na chumvi. Hadi jua linatua, mtungi wa Sunrye ulikuwa umejaa kabla ya mingine yote.

Na tangu siku hiyo, watu wa Korea hutengeneza kimchi ya majira ya baridi kwa pamoja, na asiye na shamba naye hugawiwa. Kazi ikiwa katikati, mwanamke hukunja jani bichi lililokolea viungo, akamlisha jirani yake kwa mkono. Hamuulizi kama ana njaa.