Kasa na Sherehe ya Kumlinda

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma sikuwasikia. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo kale, samaki walipokuwa bado hawajui mkutano ni kitu gani, alikuwepo Kasa mmoja, mwenye haya nyingi, tumbo limejaa mayai yake ya kwanza. Aliyempa habari kwanza alikuwa shoga yake, samaki Pono.

"Shoga, umesikia? Ule ufuo wenu umefanywa hifadhi! Wanyama wa nchi kavu wamekaa mkutano. Yai lako halitaguswa."

"Wamesema hivyo kweli?"

"Nimewasikia kwa masikio yangu."

"Wakasema nini tena?"

"Tena nikasinzia."

Ndiye Pono huyo. Nusu huisikia, nusu huilala.

Kasa akafurahi. Akaogelea, chubwi, chubwi, chubwi, mpaka ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Akajiburura mchangani, akakuta kumepambwa. Zulia! Viti! Jukwaa! Na utepe mwekundu umekatiza njia. Kenge, askari wa hifadhi, kofia imemfunika macho, akamzuia.

"Simama, mama! Unakwenda wapi?"

"Kutaga, baba."

"Hutagi. Mgeni rasmi hajafika kukata utepe."

"Lakini sisi hutaga gizani, peke yetu."

"Gizani nani atakuona ukilindwa?"

Kasa akakaa. Jua kali. Tumbo zito. Akachungulia nyuma ya jukwaa, akaona jungu linachemka, tokotokotoko. Ngedere, mwenyekiti wa hifadhi, alikuwa anakatakata vitunguu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, jungu hili la nini?"

"La chai, Bi Kasa."

"Chai ya vitunguu?"

"Mgeni ana mafua."

"Na chumvi yote hiyo?"

"Mafua makali."

Kenge akacheka. "Wewe taga tu, mama. Kutunza mayai ni kazi yetu." Ulimi nje, ulimi ndani. Ulimi nje, ulimi ndani.

Hapo Kasa akaijua ile nusu aliyoilala Pono. Kukimbia hawezi. Nchi kavu yeye ni wa kuburura tumbo, na Kenge ana miguu. Akatazama huku, akatazama huku. Akaona mwani mkavu umelala kule juu, nyuma kabisa ya jukwaa, pale maji yanapofika kila yakijaa. Wakubwa wa hifadhi walikuwa wamejenga penye mchanga mzuri uliosawazika, wala hawakumuuliza mtu ni nani huusawazisha.

Fisi akafika. Ndiye mgeni rasmi. Amefunga tai shingoni, tumboni hamna kitu.

"Nikate utepe haraka," akasema, "ili tule... ili tulinde!"

Kasa akaishinda haya yake, akainua shingo.

"Mheshimiwa, mayai ya kasa hayatoki bila hotuba. Tena hotuba ikiwa fupi, yanatoka madogo."

Fisi akakohoa. Akahutubia. Akahutubia. Akahutubia. Makofi, pa pa pa! Ngedere akamshukuru Fisi. Kenge akamshukuru Ngedere kwa kumshukuru Fisi. Fisi akarudi kuongeza machache. Maji yakaja, shwaa, yakalamba zulia. Hotuba. Shwaa, yakafika vifundoni. Makofi! Shwaa, yakafika magotini.

"Mwenyekiti, naona maji," Kenge akanong'ona.

"Nyamaza! Huwezi kuona maji mgeni rasmi akisema."

Jungu likazimika, chwiii! Viti vikaelea. Zulia likaelea. Kasa naye akaelea, akageuka taratibu, akaenda zake bila kuaga.

Wakubwa wakatoka wameloa chapachapa. Siku ile ile wakaunda kamati ya kuchunguza maji yale yalitoka wapi. Kamati ikagundua kwamba yaliletwa na Kasa.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaocheka huku mmeziba midomo, shikeni hili: anayekulinda kweli hakusumbui ili yeye aonekane, wala haji na jungu. Kiumbe cha bahari kikitengewa mahali pake, kiachwe kitulie hapo, kiishi kama kinavyoishi.

Na hadithi yangu naifunga na asubuhi ya pili yake. Jua lilikuwa halijachomoza. Kasa alipanda kwenye kipande kidogo cha ufuo katikati ya majabali, mahali pasipoenea hata kiti kimoja. Akachimba. Akataga mayai yake yote. Akafukia, akajiburura juu yake huku na huku, mpaka pasijulikane. Kisha akarudi majini kutafuta chakula, maana njaa ilikuwa inamuuma. Hakuna aliyempigia makofi.