Mama Asiyeona na Kamera ya Kituoni

Kaeni, wapendwa. Anayeumwa magoti kama mimi anyooshe miguu. Sina mengi leo. Nimechoka, na nadhani hata jambo lenyewe limechoka kusemwa.

Kulikuwa na mama mmoja, haoni. Kila asubuhi alitembea peke yake na fimbo yake mpaka kituo cha basi kilicho mbele ya shule, apande basi aende kazini kwake kufuma masweta. Fimbo ilifuata ukingo wa njia, na ukingo ulimfikisha. Ila wazazi wanaoleta watoto waliegesha magari pale pale kituoni, matairi mawili juu ya njia ya miguu. Basi mama akifika kwenye gari anapapasa bati, anashuka barabarani, analizunguka, anapanda tena. Gari la pili, hivyo hivyo. Mara mbili alishagongwa na pikipiki. Binti yake akamwambia, kwa upole tu, kwamba akigongwa tena hatatoka mpaka awepo wa kumshika mkono. Mnajua maana yake? Maana yake hatatoka. Nani ana nafasi ya kumshika mtu mkono kila siku?

Kati ya hao wenye magari alikuwepo baba mmoja, mtu mzuri. Angekuwa hapa angekaa benchi la mbele. Hakupita bila kumwamkia yule mama, na akimwona anapapasa gari lake alimwambia pole, ni dakika mbili tu, namshusha mtoto.

Wakubwa wa mji wakafunga kamera juu ya nguzo. Ukisimamisha gari kituoni unapigwa picha, faini inakuja kwenye simu. Wazazi walinung'unika wee, wakasema wanaonewa, halafu wakaenda kuegesha kule uwanjani, wakatembea na watoto wao. Yule mama akapita muhula mzima bila kukanyaga lami.

Kisha kamera ikaharibika, mafundi wakaishusha. Asubuhi yake yule baba akatazama nguzo tupu, akatazama saa, akapandisha gari kituoni. Mtoto hajamaliza kushuka, pikipiki ikakwaruza barabarani. Alipotoka alimkuta yule mama ameketi chini, kiwiko kinatoka damu, anapapasa kutafuta fimbo.

Akamwinua, akamfuta vumbi. Mama akauliza, "Kamera wameitoa?"

"Ndiyo, mama. Umejuaje, nawe huoni?"

"Nimejulia barabarani."

Yule baba aliona aibu, tumpe haki yake. Akafungua mlango wa gari. "Ingia mama, nikupeleke kazini. Hata kesho nitakupitia."

"Kesho utasafiri, au gari litakugomea, nami nimekaa nakungoja. Sitaki kubebwa, mwanangu. Nataka njia yangu."

Sasa sisi hapo tuko wapi? Kusalimia tunajua. Pole tunaijua sana. Mgonjwa tunampelekea uji, na tunakaa mpaka aumalize. Lakini kumwachia mtu nafasi yake, apite bila hata kujua kwamba tulikuwepo, hapo tunashindwa. Kile chuma juu ya nguzo hakikuwahi kumwambia yule mama shikamoo hata siku moja, na ndicho kilichompa njia. Chuma kimetuzidi utu, jamani. Tunasema Mungu anatuona, tunaitikia amina, tukitoka nje tunatazama nguzo kwanza. Kwani ndiyo kazi tuliyomwachia Mungu, kutupiga picha?

Mtaniuliza yule mama aliishia wapi. Yuko ndani. Binti yake alitimiza neno lake, wala simlaumu. Masweta anafuma mwenzake. Pale kituoni hakuna tena anayepapasa bati la gari la mtu, na wenye magari wanasema siku hizi pametulia.

Mimi nimemaliza. Ila kabla hatujasimama kuomba, wenye magari tokeni kwanza, mkaangalie mmeyaweka wapi. Nendeni tu. Tutawangoja.